Mwanamke Aliyekata Kamba

Nilipoolewa mjini, jambo la kwanza alilonifunza mama mkwe wangu halikuwa mapishi wala namna ya kufukiza nguo udi. Alinifunza kunyamaza watu wanapohadithiwa. "Nyinyi watu wa shamba mna mazoea ya kuulizauliza," aliniambia. "Hapa hadithi husikilizwa. Ukiwa na swali, limeze, litakuwa shibe."

Nilikuwa msichana bado, nimetolewa kwetu Mangapwani nikaletwa mjini mtaa wa Malindi, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi za giza ambazo nilizipanda kwa kupapasa ukuta mpaka mwezi wa pili. Ilikuwa ile miaka ya hamsini kabla watu hawajaanza kuulizana chama gani kabla ya kusalimiana. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Alitoka asubuhi, akarudi mchana, akala, akalala, akaamka, akavaa kofia akaenda barazani kwa wenzake. Ukizihesabu saa tulizokaa pamoja, aliyenioa hasa alikuwa mama yake.

Sikulalamika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kama ya imamu, na ucheshi wake ulikuwa wa pembeni, ukishapita ndipo unajua kuwa umepita. Akikusifu mchuzi, alisema, "Leo tumekula bila kuitana majina." Watu wa mtaa walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Mimi kwa kujipendekeza nilimwambia mume wangu mbele yake, katika wiki ya mwanzo, kwamba amechukua pua ya mama yake. Mume wangu alikohoa. Mama mkwe akajishika pua, akatabasamu, na jioni ile nikapewa kipande cha halua ambacho sikukiomba.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, chumba cha juu kinachotazama uchochoroni kilikuwa cha wanawake na kofia. Tulishona kofia za viua, zile za nyuzi nyeupe na vitundu vidogo vidogo, kazi inayotaka macho na mkono lakini inaacha masikio bila kazi. Masikio hayo ndiyo mama mkwe aliyoyatumia.

Tulikuwa wachache. Kulikuwa na shangazi yake mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, bibi mnene aliyekuwa mzito wa kusikia na mwepesi wa kahawa. Yeye hakushona kitu. Alikuja na kofia ileile moja kila siku, akaiweka magotini kama paka. Kulikuwa na jirani wa mlango wa pili, ambaye wazee wake walitoka Bara na mumewe alikuwa seremala wa milango na masanduku. Jirani huyu alikuja na binti wa mumewe, msichana wa miaka kama kumi na mitano aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo. Wenyewe wawili walikaa mkeka mmoja, magoti yanagusana, na msichana alishona vizuri kuliko sisi sote ila hatukumwambia.

Mvua za vuli zilipoanza, shangazi alisema, "Sasa tupe ile ya mama wa kambo."

"Mwaka huu naiacha," alisema mama mkwe.

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, na mwaka juzi."

"Na mwaka jana nikaisema?"

"Ukaisema."

"Basi," alisema mama mkwe, akavuta uzi, akaanza.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyeusi. Palikuwa na mtu mwenye shamba la karafuu, mkewe akafa akamwachia binti mmoja. Binti huyo alikuwa mwema, akaeleza mama mkwe, mwema mpaka inachosha. Alikuwa akiamkia hata kuku. Baba akaoa mke wa pili. Mke wa pili alikuwa mbaya tangu alipovuka kizingiti, kwa kuwa alivuka kwa mguu wa kushoto, akatazama nyumba, akamtazama mtoto, akacheka peke yake. Karibu na shamba palikuwa na pango lenye maji baridi ndani, na kila asubuhi binti alitumwa kuteka. Alishuka kwa kamba, akaimba kule chini, akapanda na ndoo.

Hapo nilitaka kusema neno. Pango nalijua, liko kwetu, na watu hushuka kwa miguu yao wakishikilia mizizi. Lakini mama mkwe alinitazama, nikalimeza.

"Siku moja," aliendelea, "yule mwanamke akachukua kisu chake cha samaki, akakiweka chini ya ukaya wake wa kichwani, akamfuata. Akamsikiliza anavyoimba kule chini. Akakata kamba. Hakuikata kwa hasira. Aliikata kama mtu anavyokata uzi ukishamaliza kushona. Kisha akarudi nyumbani, akapika, akala."

"Akala?" shangazi aliuliza. Mambo kama hayo aliyasikia vizuri.

"Akala, akajiongeza."

"Mlaaniwa," alisema shangazi, na uso wake ukang'aa kwa raha. "Haya, na sasa anachomwaje?"

"Kesho," alisema mama mkwe.

Jirani alikuwa ameacha kushona. Alikunja kofia yake taratibu, akachomeka sindano kwenye ukingo wa kanga, akasema amekumbuka chungu jikoni. Akamshika msichana mkono wakashuka ngazi. Mama mkwe alisikiliza nyayo zao mpaka mlango wa chini ulipofungwa, halafu akaniambia nimtilie kahawa.

Kesho yake hawakuja. Hadithi haikuendelea kwa sababu mama mkwe alisema hahadithii nusu ya watu. Siku iliyofuata hawakuja pia, na shangazi alianza kununa, kwa kuwa alikuwa amemwacha yule mwanamke anakula na hajachomwa.

"Wapelekee kaimati," aliniambia mama mkwe. "Waulize kama wanaumwa."

Nilivaa buibui kwa ajili ya hatua chache za uchochoro, nikapiga hodi. Jirani alikuwa amekaa kwenye kibao uani, msichana amekaa chini katikati ya magoti yake, anasukwa nywele. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuacha kusuka.

"Mama anawasalimu," nilisema. "Anauliza kama hamjambo, maana hajawaona."

"Mwambie hatujambo. Mwambie chungu hakijaiva bado."

"Kile cha juzi?"

"Kile cha juzi." Alichukua fungu jingine la nywele. "Na umuulize jambo moja kwa niaba yangu. Yule mwanamke wa kwenye hadithi, siku zote kabla hajakata kamba, alikuwa akifanya nini?"

Nilipanda ngazi zetu nikapeleka swali. Mama mkwe alifikiri kidogo tu.

"Mwambie alikuwa akinoa kisu."

Nikashuka. Jirani alicheka puani. "Miaka yote alinoa kisu? Hakufua? Hakupika? Na huyo mtoto mwema anayeamkia kuku, nani alikuwa akimsuka nywele?"

Nikapanda. Swali hili lilimkalisha mama mkwe. Alitazama dirishani, akasema, "Mwambie alisukwa na jirani."

Nikashuka. "Jirani gani?" alisema jirani. "Mbona hayumo ndani ya hadithi?"

Siku tatu au nne nilikuwa mjumbe wa nyumba mbili, na kila safari nilibeba sahani ili watu wa uchochoroni wasijiulize. Kaimati zilikwenda, vileja vikarudi, sambusa zikaenda, visheti vikarudi. Kwa jirani nilikuwa nakaa kidogo, na msichana aliniuliza habari za kwetu, na pango lile likoje hasa. Nilimweleza yote, maana kwake sikuwa nimekatazwa. Mume wangu aliuliza kwa nini siku hizi tunakula vizuri hivi. Nikamwambia kuna ugomvi.

Halafu alasiri moja, mvua imepungua, jirani alipanda ngazi mwenyewe na msichana nyuma yake. Alisalimia, akakaa mahali pake pa kila siku, akatoa kofia yake na sindano.

"Leo nahadithia mimi," alisema.

Mama mkwe akamnyooshea mkono wa karibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Hadithi ya jirani haikuwa na mguu wa kushoto. Mwanamke aliolewa kwa mtu mwenye shamba na mtoto. Aliamka kabla ya jogoo. Alifua, akapalilia, akamsuka mtoto, akamtoa funza miguuni. Mtoto alikuwa mwema akiona watu na mbishi akiwa nyumbani, kama watoto wote wa dunia. Kamba ya pango ilikuwa imechakaa. Mwanamke alimwambia mumewe, "Bwana, kamba imelika." Mume akasema kesho. Akamwambia tena, akasema kesho. Mume huyu alikuwa mtu mwema, watu walimpenda, alikuwa hodari sana wa kusema kesho. Siku moja kamba ikakatika yenyewe. Na watu wa kijiji, kabla hata hawajaitazama ile kamba, wote kwa pamoja walimgeukia mwanamke.

Shangazi aliinama mbele.

"Kama imekatika yenyewe," alisema, "nani achomwe?"

"Hachomwi mtu."

"Basi hadithi haijesha."

"Hiyo si hadithi," alisema mama mkwe. "Hayo ni maneno ya mtu aliyesimama mbele ya kadhi. Hadithi lazima iwe na mbaya."

"Ina mume," alisema jirani, na mimi nikacheka kabla sijajizuia, na msichana akacheka, na hata mama mkwe midomo ilimchezacheza. Lakini haikufika mbali.

"Kamba ilikatwa," alisema.

"Umejuaje?"

"Najua."

Jirani alishusha kofia mapajani. Hakupandisha sauti. "Mimi ningenyamaza angesema mtu mwingine. Lakini wewe. Wewe uliyemlea yule anayetoka hapa kila asubuhi kwenda bandarini, ukamfuta makamasi, ukampeleka chuoni kusoma Kurani, ukamwoza, na tumbo lako halikumzaa. Wewe unajua mama wa kambo ni nini. Na kila mwaka unamkatisha kamba mbele ya mtoto wangu."

Sindano iliniingia kidoleni. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta mtu wa kushangaa pamoja nami, sikumpata. Walikuwa wakijua wote. Mtaa mzima ulikuwa ukijua, ila bibi harusi wa Mangapwani aliyesifu pua.

Shangazi alikuwa amekaa sawa sasa. Mara hii alikuwa amesikia kila neno, na uso haukung'aa.

Mama mkwe alinyonya damu kwenye kidole changu kama vile nilikuwa mtoto, akakifunga kwa kitambaa taratibu. Tulidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akitafuta pa kuanzia.

"Nilikuwa na umri wa huyu," alisema, akinigusa goti. "Siku nilipoingia nyumba hii, kuna mtu alisema mbele ya watu, tutaona atamfanya nini mtoto wa wenzake. Basi nikawa naangaliwa. Mtoto akianguka, naangaliwa. Akikataa kula, sahani inanuswa. Na yeye alikuwa na miaka mitatu, minne, anamtaka mama yake. Kila siku ya kufua nilipanda naye juu ya sakafu ya paa, kule tunakoanika, na kila siku aliniambia, wewe si mama. Alilisema vizuri, bila ukorofi, kama mtu anayekujulisha tu."

Alipitisha uzi kwenye sindano.

"Siku moja nilikuwa nakamua kanzu ya baba yake. Nikageuka. Mtoto amepanda juu ya beseni lililofudikizwa, amelalia ule ukuta mfupi, kifua kizima kiko nje, anaita mama huko chini uchochoroni. Miguu imeshaachana na beseni. Nami nikasimama."

Alivuta uzi mpaka mwisho.

"Nilisimama. Kanzu mkononi, nusu imekamuka. Maji yalikuwa yananidondokea miguuni nayasikia. Sikusema na aanguke. Sikusema asianguke. Nilisimama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Halafu nikatupa ile kanzu, nikaruka, nikamdaka nguo kwa nyuma, ikachanika mpaka shingoni, tukaanguka sote wawili chali. Nikampiga kofi. Halafu nikalia mpaka nikatapika."

Alimtazama jirani. "Kwa hiyo usiniambie kamba ilikatika yenyewe. Yule mwanamke sikumtoa kwa watu. Namjua anakaa wapi. Ndiyo maana namsema kila mwaka kwa sauti, ili asije akanyamaza ndani yangu nikadhani kahama."

Nje mtu alipita akipiga vikombe vya kahawa, kengeng kengeng, mpaka mwisho wa uchochoro. Jirani alikuwa ameshika kanga yake shingoni.

"Mimi humpa mkia," alisema ghafla.

"Nini?" aliuliza mama mkwe.

"Huyu." Alimwonyesha msichana kwa kidevu, hakumtazama. "Nikipika samaki, mkia wake. Kila siku. Vipande vya katikati vipo, na mkono wangu unakwenda kwenye mkia. Sijui kwa nini. Nampenda, Mungu anajua. Lakini mkono unakwenda."

Msichana alikuwa amekodoa macho. "Mama, mimi napenda mkia," alisema. "Ndio unaokauka vizuri. Unatafunika."

Jirani aligeuka akamtazama. "Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mbona hukusema? Nami miaka yote naomba toba kwa ajili ya mkia?"

Hapo tulicheka, si kidogo, na jirani alicheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa kofia ya mteja. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anaikunja na kuikunjua ile kofia yake ambayo haikupata kushonwa.

"Mimi ndiye niliyesema," alisema. "Yale maneno. Siku ile unaingia. Nilisema mimi."

"Nnajua," alisema mama mkwe.

"Ndugu yangu kafiwa, mtoto mdogo, nilikuwa na hofu. Nilisema."

"Nnajua, wifi yangu. Nimekuhadithia miaka yote hii."

Shangazi alifikiri. "Mimi sisikii vizuri," alisema.

Jioni ile, mume wangu alipomaliza kula na kuanza kumenya chungwa, nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kukwambia nini?"

"Kwamba si mama yako."

"Kwani si mama yangu?" Alilimenya lote ganda likatoka mshipi mmoja, kazi aliyoionea fahari. Sikuondoka, basi akaendelea. "Mama aliyenizaa simkumbuki uso. Namkumbuka huyu. Kitu cha kwanza kabisa ninachokikumbuka duniani ni huyu ananipiga kofi juu ya sakafu. Nilikuwa nimepanda mahali. Akanivuta nguo ikachanika, akanizaba kofi, halafu akalia. Alilia sana. Mimi nilidhani analilia kanzu yangu, ilikuwa mpya. Nikamwambia, mama usilie, tutashona."

"Ulimwita mama?"

"Nikamwitaje tena? Alikuwa analia."

Ile sehemu nyingine, ya kusimama, sikumwambia. Ilisemwa katika chumba cha wanawake na nikaona ibaki humo. Nilimuuliza tu, vipi habari ya pua, kwa nini aliniacha nikajiaibisha.

"Ulisema mbele yake," alisema, akanipa nusu ya chungwa. "Akafurahi wiki nzima. Ulitaka nikatae pua?"

Hadithi, hata hivyo, ilikuwa bado imening'inia, na shangazi hakuwa mtu wa kusahau. Alasiri ya pili alipokwisha kunywa kikombe cha mwanzo alidai mwisho. Mama mkwe akamwambia jirani amalizie, jirani akamwambia mama mkwe amalizie, wakawa kama watu wawili mlangoni kila mmoja anamtaka mwenziwe atangulie.

"Namalizia mimi," alisema msichana.

Tulimgeukia. Hakuwa na desturi ya kusema hadithini, wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kamba imekatwa au imekatika?" aliuliza shangazi.

"Yule msichana hajui," alisema. "Yuko chini. Ameona tu kamba inamwangukia kichwani." Aliendelea kushona huku akisema. "Ameita, hakuitikiwa. Akakaa akalia, akachoka kulia. Halafu akaona pango lina njia. Dada huyu ni mtu wa kule, ameniambia mtu hutoka kwa miguu, akishikilia mizizi. Basi akashika mizizi, akatoka. Amechubuka magoti. Akafika nyumbani jua linazama. Akamkuta mama wa kambo jikoni, amekaa, chungu kipo motoni."

"Mama wa kambo alipomwona?" aliuliza jirani kwa sauti ndogo.

"Aliogopa."

"Halafu?"

"Yule msichana akasema, mama, nna njaa."

Mama mkwe aliacha sindano hewani. "Halafu akafanyaje, yule mwanamke?"

"Alipakua," alisema msichana. "Atafanya nini? Alipakua, wakala."

Nilimwona mama mkwe akiyalilia maneno hayo ndani kwa ndani, uso umesimama kama ukuta. Jirani alikuwa ameinama, anatafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Hakuna aliyechomwa?" aliuliza shangazi.

"Hapana, shangazi."

"Hata baba?"

Wote wakamtazama msichana. Alipima kidogo. "Baba alitumwa kununua kamba," alisema. "Siku hiyo hiyo, kabla hajala."

Shangazi alisema ni bora kuliko kuiacha hivi hivi, lakini alikwenda kwao mapema, na wiki nzima alimwambia kila aliyekutana naye Malindi kwamba watoto wa siku hizi wanaziharibu hadithi.

Msichana aliolewa miaka michache baadaye na kijana wa Fumba, na harusi ilifanyika katika nyumba yetu kwa kuwa ya seremala ilikuwa ndogo. Jirani alilia, akawatuliza waliokuja kumtuliza. Mama mkwe hakuisema tena ile hadithi. Vuli ilipofika shangazi alimwomba, naye akasema ameisahau, na hakuna aliyemwamini.

Na shangazi naye, miguu ilipomvimba akawa hawezi tena kupanda ngazi za kwake, aliletwa kwetu. Aliwekwa chumba cha chini, karibu na jiko, na aliyemuuguza ni mama mkwe. Mimi nilikuwa mja mzito na nilikatazwa kubeba kitu. Nilipika uji tu, mama mkwe akaupeleka, akakaa kitandani na kijiko.

Siku ya mwanzo nilisikia shangazi akisema, "Onja wewe kwanza."

Nilisimama mlangoni nikaogopa. Mama mkwe aliyapokea maneno yale vizuri tu. Alichota kijiko, akaonja. Akachota cha pili. "Bado sina hakika," alisema, "sumu nyingine huchelewa." Akachota cha tatu na cha nne, akalamba midomo. Shangazi alikuwa akimtazama kwa jicho moja, na tumbo lake nene likaanza kutikisika chini ya shuka, mpaka kitanda kikalia. Walicheka wawili wale, wazee, mmoja anashika mbavu na mwingine anashika bakuli.

Uji ulikuwa umekwisha. Mama mkwe alinipa bakuli bila kugeuka, nikarudi jikoni kupika mwingine.